Kuzuru Gadfield Elm na kujua kwa hakika kama babu yako alisali pale: mwongozo kamili

Safari nyingi za Gadfield Elm huishia namna moja. Gari linaegeshwa kwenye njia nyembamba kati ya nyua za michongoma, watu wanapiga picha mbele ya mlango uliofungwa, wanageuza. Jioni mtoto akiuliza, "Kwani babu alikuwa anakaa upande gani?" hakuna mwenye jibu. Kosa halikufanyika njiani. Lilifanyika nyumbani wiki kadhaa kabla, kwa sababu hakuna aliyekaa chini na majina.

Gadfield Elm ni nyumba ndogo ya mikutano, ya mawe, karibu na kijiji cha Pendock, Worcestershire, magharibi mwa Uingereza. Ilijengwa mwaka 1836 na kundi la Kikristo lililojiita United Brethren. Mwaka 1840 mmisionari Wilford Woodruff alifundisha eneo hilo, takriban watu 600 wa kundi hilo wakabatizwa karibu wote, na nyumba ikapewa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi bado huliita la Wamormoni. Historia iishie hapo, tushike kazi.

Mwongozo huu ni wa mwenye mababu katika kundi hilo, wawe wa damu au wa ukweni. Waswahili walioolewa au kuoa katika familia za Utah, jimbo la Marekani lenye Wamormoni wengi, wamo humu, na watoto wao zaidi.

## Vitu vya kuandaa

- Jina la babu au bibi mmoja tu, mwaka wa kuzaliwa hata wa kukadiria, jina la mwenzi wake wa ndoa na la watoto wawili. Akina William, Thomas na Mary wamejaa kila ukurasa wa wakati ule. Mwenzi na watoto ndio wanaomtenga wako na wengine.
- Akaunti ya FamilySearch, tovuti ya miti ya familia na kumbukumbu za mababu. Ni bure, na huhitaji kuwa muumini.
- Ramani ya karatasi ya Ordnance Survey (shirika la ramani la Uingereza), Explorer 190, inayoonyesha milima ya Malvern na vijiji vya jirani. Mtandao wa simu hukatika mabondeni.
- Pasipoti na viza (soma Hatua ya 4 kabla ya kulipa tiketi yoyote).
- Leseni ya udereva, kama utaendesha.
- Mabuti yasiyopitisha maji na koti la mvua, hata kama ni Julai.
- Penseli mbili na daftari. Kalamu za wino haziruhusiwi kwenye vyumba vya kusomea nyaraka.
- Tochi ndogo na kioo cha kujitazamia, kwa ajili ya makaburi.
- Pawa benki. Anayetoka Kenya, Tanzania, Uganda au Oman plagi yake ya pini tatu itaingia ukutani bila shida. Anayetoka Kongo au Marekani anunue adapta.

Tenga siku mbili kamili: moja ya nyaraka, moja ya mashamba. Anayejaribu kubana yote kwa siku moja huacha nyaraka, na nyaraka ndizo zenye jibu.

## Hatua ya 1: Thibitisha kwamba babu alikuwa eneo hilo mwaka 1840

Hii ndiyo hatua inayoangusha wengi, kwa hiyo ifanye polepole.

Anza na mti wa familia kwenye FamilySearch, lakini usiuamini kwa macho. Mti ule ni wa wote na yeyote anaweza kuubadilisha. Mtu akiandika "Gadfield Elm" kama mahali pa ubatizo bila kuambatisha chanzo, hayo ni makisio. Fungua sehemu ya vyanzo ya babu yako uhesabu: ni vingapi ni picha za rejesta halisi, na vingapi ni miti ya watu wengine iliyonakiliwa?

Kisha tafuta vitu vinne, kwa mpangilio huu.

Rejesta ya ubatizo ya parokia ya Kianglikana. Ndiyo, ya Kianglikana, hata kama familia ilikuwa ya United Brethren. Tangu 1813 rejesta hizi ziliandikwa kwenye fomu zilizochapishwa, watoto wanane kwa ukurasa. Kila mstari una jina la mtoto, majina ya wazazi, mahali wanapokaa na kazi ya baba. Macho yako yatue kwenye safu ya mahali wanapokaa. Jina la kitongoji lililoandikwa pale ndilo litakalokuongoza barabarani baadaye.

Ndoa. Kuanzia 1754 hadi katikati ya 1837, ndoa ya Mkristo wa kawaida Uingereza ilibidi ifungwe katika kanisa la Kianglikana, isipokuwa ya Makweka (Quakers). Kwa hiyo usipoteze siku kutafuta ndoa ya 1832 kwenye kumbukumbu za United Brethren.

Shajara ya Wilford Woodruff ya 1840. Inasomeka bure mtandaoni kupitia mradi wa Wilford Woodruff Papers. Aliandika majina ya watu aliowabatiza, pamoja na tarehe. Tatizo ni tahajia, kwani aliandika kama alivyosikia. Tafuta jina kwa sauti yake: jaribu herufi moja badala ya mbili, ondoa "e" ya mwisho, badilisha "y" kwa "i".

Orodha za abiria. Hifadhidata ya Saints by Sea ina safari za waumini wa Kanisa waliovuka bahari kuanzia 1840. John Benbow, mwenye shamba alikofikia Woodruff, aliondoka Liverpool na meli iitwayo North America mwezi Septemba 1840. Wengine wa eneo hili walipandia Bristol, kwa hiyo usitafute Liverpool peke yake.

*Tahadhari ya majina mawili.* Thomas Kington alikuwa kiongozi wa United Brethren. Kington pia ni mji wa Herefordshire, mbali upande wa magharibi. Mtu akiona "Kington" kwenye karatasi huenda mji usiohusika. Vivyo hivyo, "Frooms Hill" kwenye nyaraka za zamani ni Fromes Hill ya ramani ya leo.

Umemaliza hatua hii ukiweza kuandika sentensi moja isiyo na "labda" ndani yake: fulani, mume wa fulani, alikaa kitongoji fulani, parokia fulani, mwaka fulani, na picha ya ukurasa ninayo.

## Hatua ya 2: Soma sensa ya 1841 bila kudanganywa nayo

Sensa hii ilihesabu waliolala nyumbani usiku wa Juni 6, 1841. Iliandikwa kwa penseli na picha zake zimefifia, kwa hiyo ongeza ukolezi wa picha kwenye skrini kabla ya kukata tamaa.

Mambo manne huwachanganya watu:

1. Umri wa waliozidi miaka 15 kwa kawaida ulishushwa hadi tano ya karibu. Mtu wa miaka 38 anasomeka 35. Usimkatae babu yako kwa sababu ya miaka mitatu.
2. Uhusiano haukuandikwa. Mwanamke chini ya jina la mwanamume anaweza kuwa mke, dada au mama mdogo. Hapa ndipo watoto wawili uliowaandaa mwanzoni wanapokufaa.
3. Mkwaju mmoja (/) mbele ya jina unaonyesha familia imeishia hapo. Mikwaju miwili (//) inaonyesha nyumba imeisha.
4. "Ag. Lab." ni kibarua wa shamba. "F.S." ni mtumishi wa kike. Vifupisho hivi viwili vitakujia kila ukurasa.

Safu ya pili kutoka mwisho huuliza kama mtu alizaliwa katika kaunti hiyohiyo. Herufi "N" pale inakuambia ubatizo wake utafutwe kaunti nyingine.

Na usipomwona kabisa? Haimaanishi hakuwapo 1840. Kufikia Juni 1841 familia kadhaa zilikuwa tayari zimevuka Atlantiki. Rudi kwenye orodha za abiria.

## Hatua ya 3: Pima umbali kabla ya kuamua alisali wapi

Chukua ramani, weka nukta kwenye kitongoji cha babu na nyingine kwenye Gadfield Elm. Kibarua wa shamba alitembea kwa miguu, Jumapili, baada ya wiki ya kazi ngumu. Kilomita tano zinawezekana kila juma. Kutoka Castle Frome, kijiji cha upande wa Herefordshire, hadi Gadfield Elm ni zaidi ya kilomita 15. Huko mtu alikwenda kwa mkutano mkubwa, si kila Jumapili.

Kuna ushahidi mwingine wa kusaidia. Mwezi Juni 1840 matawi ya eneo hili (makundi madogo ya waumini) yaligawanywa katika konferensi mbili, yaani miungano ya matawi: moja iliundwa Juni 14 hapo Gadfield Elm na kubeba jina lake pamoja na la Bran Green, na nyingine wiki moja baadaye ikapewa jina la Fromes Hill. Ukilijua tawi la babu, unajua alielekea upande gani. Upo pia mpango wa wahubiri wa United Brethren wa 1840, ulioorodhesha sehemu walizokutania, na nyingi zilikuwa nyumba za watu.

Hapa wengine huvunjika moyo: wanagundua babu yao alisali sebuleni kwa jirani, na sebule hiyo haipo tena. Kwa maoni yangu huo ni ugunduzi bora kuliko picha ya mlango. Gadfield Elm bado inafaa kuzuru, ila utasimama pale ukijua kwa nini umesimama.

## Hatua ya 4: Viza na leseni

Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya kawaida ya mgeni, ambayo kwa kawaida huruhusu hadi miezi sita. Mwenye pasipoti ya Marekani, Kanada au Oman anaomba idhini ya kielektroniki ya kusafiri, yaani ETA.

Kosa la gharama kubwa ni hili: kuishi Marekani hakubadilishi pasipoti yako. Mtu mwenye kadi ya kijani na pasipoti ya Kenya bado anahitaji viza ya Uingereza, hata kama mke na watoto wake wanaingia kwa ETA. Familia nyingine imepoteza tiketi za watu watano kwa sababu ya mmoja. Omba viza kwanza, kata tiketi baadaye.

Mgeni anaweza kuendesha gari dogo Uingereza kwa leseni halali ya nchi yake hadi miezi 12, lakini kampuni za kukodisha zina masharti yao ya umri na ya miaka ya leseni. Uliza kwa maandishi. Kama hujazoea gia za mkono, taja otomatiki wakati wa kuweka oda.

## Hatua ya 5: Siku ya nyaraka

Eneo hili ni makutano ya kaunti tatu, na kila moja ina hifadhi yake ya nyaraka:

- Pendock iko Worcestershire; hifadhi iko ndani ya jengo la The Hive, mjini Worcester.
- Castle Frome na Ledbury ziko Herefordshire. Hifadhi iko Rotherwas, nje kidogo ya Hereford.
- Dymock iko Gloucestershire. Hifadhi iko mjini Gloucester.

Redmarley D'Abitot na Staunton zinahitaji uangalifu wa peke yake. Mwaka 1840 zilikuwa Worcestershire. Zilihamishiwa Gloucestershire mwaka 1931. Anayetafuta kwa kaunti ya leo hukosa, akadhani rejesta zimepotea. Angalia orodha za hifadhi zote mbili.

Andika barua pepe wiki tatu kabla. Uliza mambo matatu tu: kama rejesta ya parokia na miaka unayotaka wanayo, kama utaisoma kwa mikrofilamu (picha ndogo za kurasa) au kwa karatasi, na kama unahitaji kuweka nafasi au kujiandikisha kwa kitambulisho. Taja namba ya kumbukumbu ya kila daftari unalotaka. Ukifika bila miadi unaweza kukuta chumba kimefungwa siku hiyo.

Piga picha ya ukurasa mzima, kisha ya mstari wako. Mstari peke yake bila kichwa cha ukurasa hauna parokia wala mwaka, na miezi sita baadaye hutakumbuka ulitoka wapi.

## Hatua ya 6: Kufika Gadfield Elm

Hakikisha saa za kufunguliwa kwenye tovuti ya Kanisa ya maeneo ya kihistoria siku mbili kabla, kwa sababu hubadilika kwa msimu. Kama mko zaidi ya gari moja, toeni taarifa mapema. Hakuna kiingilio.

Kwa treni, shuka Ledbury au Gloucester, kisha chukua teksi na kukubaliana saa ya kurudishwa kabla dereva hajaondoka. Usitegemee kupata nyingine pale njiani.

Kwa gari, toka barabara ya M5 uingie M50, shuka makutano ya 2, fuata A417 kuelekea Gloucester hadi Staunton, kisha kaskazini kwa B4208 kuelekea Pendock na kufuata ramani hadi kwenye nyumba. Andika "Gadfield Elm Chapel" kwenye simu. Ukiandika Pendock peke yake utapelekwa kijijini. Mabango yanahesabu maili; moja ni kilomita 1.6.

Wenye kuendesha Nairobi, Dar es Salaam au Kampala watafurahi, kwani Uingereza nayo hupita kushoto. Waliozoea Lubumbashi, Bujumbura au Salt Lake City wawe na mtu wa kuwakumbusha kila wanapotoka kwenye maegesho.

Vijia vya mwisho vinapitisha gari moja. Ukikutana na trekta, aliye karibu na sehemu iliyopanuliwa kando ya njia ndiye anayerudi nyuma. Kama ni wewe, simama, weka rivasi, rudi taratibu ukitazama kioo cha upande wa michongoma, ingia kwenye upana ule, ngoja. Inua mkono kushukuru. Yeye atainua wake. Usiegeshe kwenye sehemu hizo wala mbele ya geti la shamba, kwa sababu ndipo mashine za mkulima zinapopita.

Nenda kati ya Mei na Septemba. Desemba jua huzama saa kumi jioni na tope hufika vifundoni.

## Hatua ya 7: Ndani ya nyumba

Ni chumba kidogo. Watu hukimaliza kwa dakika tano, na hapo ndipo wanapokosea.

Jua kwanza kipi ni cha kale. Nyumba iliuzwa miaka ya 1840 kusaidia gharama za waliohamia Amerika, ikawa gofu, ikanunuliwa 1994 na wakfu wa waumini, ikakarabatiwa na kuwekwa wakfu mwaka 2000, kisha ikakabidhiwa Kanisa 2004. Kwa hiyo paa na mabenchi ni vya juzi. Cha mababu ni kuta. Toka nje, zunguka, weka kiganja kwenye mawe ya pembeni. Hayo yalikuwapo 1840.

Ukikuta wahudumu wa Kanisa, wataje kwa Ndugu au Dada na jina la ukoo lililo kwenye kibandiko kifuani, kisha waonyeshe karatasi yako yenye jina, kitongoji na mwaka. Usiulize "Mnamjua babu yangu?" Uliza, "Waliotoka kitongoji hiki walikuwa tawi gani?" Swali la kwanza hujibiwa kwa tabasamu, la pili kwa kumbukumbu.

Kisha kaeni. Mmoja asome kwa sauti mstari wa rejesta mliyoipata, majina yote, na ya watoto waliofariki. Ikiwa kuna bibi mzee katika msafara, mpe yeye asome. Hiyo ndiyo dakika waliyosafiria.

## Hatua ya 8: Kanisa la parokia na makaburi

Wengi huruka hatua hii kwa kudhani Wamormoni hawana la kufanya kwenye kanisa la Kianglikana. Mababu walibatizwa humo wakiwa wachanga, wakafungia ndoa humo, na wazazi wao wamezikwa nje ya ukuta.

Castle Frome ni mfano mzuri. Ndani ya kanisa la Mtakatifu Mikaeli kuna birika la ubatizo la mawe la karne ya 12, limechongwa Kristo akibatizwa mtoni, na chini yake watu waliojikunja wamelibeba migongoni. Kama mstari wako wa rejesta unatoka parokia hii, inama ulitazame kwa karibu.

Kwa makaburi, matarajio yawe madogo. Kibarua wa shamba kwa kawaida hakuwekewa jiwe. Ukipata jiwe lililofifia, usilikwangue ukungu na usilipake chaki, kwani vyote huharibu uso wake. Shika kioo pembeni ili mwanga wa jua ulale juu ya jiwe kwa mshazari; herufi zitaota vivuli na kusomeka. Siku ya mawingu tumia tochi kwa namna hiyohiyo. Ukimulika kutoka mbele hutaona kitu.

## Hatua ya 9: Bwawa na mlima, kama muda upo

Bwawa ambamo Woodruff alibatiza liko Hill Farm, Castle Frome. Ni shamba la watu. Usiingie bila ruhusa, funga kila geti ulilolifungua, na mbwa abaki garini.

British Camp, kwenye milima ya Malvern, hauhitaji ruhusa. Maegesho ya kulipia yako kando ya A449, na kilele kina mita 338. Ni hapo, Mei 20, 1840, mitume wa Kanisa Brigham Young, Willard Richards na Woodruff walipokubaliana kuchapisha Kitabu cha Mormoni, maandiko ya Kanisa hilo, Uingereza. Siku isiyo na ukungu panda na ramani yako, uitandaze juu ya nyasi, ulinganishe nukta ya kitongoji na mashamba yaliyo chini.

## Hatua ya 10: Jioni ileile, kabla ya kulala

Pakia picha kwenye FamilySearch na kuziambatisha kama vyanzo kwa mtu husika. Kila moja iandikwe hifadhi, parokia, namba ya daftari, ukurasa na tarehe uliyoiona. Kwenye sehemu ya sababu, eleza kwa sentensi mbili kwa nini unaamini ni yeye: jina la mke, la watoto, kitongoji.

Kama uligundua kwamba "Gadfield Elm" kwenye mti ilikuwa makisio, rekebisha na utaje chanzo. Umetafuta rejesta fulani na hakuwamo? Liandike hilo pia, na miaka uliyopekua, ili binamu atakayefuata asirudie siku yako nzima.